Kichekesho Bila Karatasi: Mzee Majuto na Mali ya Mwigizaji Mkongwe

Katika wiki moja ya Agosti 2018 Afrika ilipoteza waigizaji wawili waliokuwa wamekomaa jukwaani kabla kamera haijawafikia. Tarehe 2 alifariki Winston Ntshona wa New Brighton, kitongoji cha Port Elizabeth nchini Afrika Kusini, akiwa na miaka 76. Siku sita baadaye, siku ya Nane Nane, Amri Athumani, ambaye Tanzania nzima ilimjua kwa jina la Mzee Majuto au King Majuto, alifariki katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili akiwa na miaka 70. Nchi zao ziko mbali na lugha zao ni tofauti, lakini ufundi wao ulikuwa mmoja: wote wawili walijua kujenga mchezo kwa mdomo na mwili, palepale, bila mwandishi kuwakabidhi karatasi.

Ntshona aliacha tamthilia mbili zilizochapishwa zikiwa na jina lake miongoni mwa watunzi. Majuto aliacha filamu nyingi mno, na sura yake imejaa kwenye kava za nyingi kati ya hizo. Lakini sura kwenye kava huuza mzigo tu. Haimpi mwenye sura haki yoyote juu ya mzigo wenyewe. Jinsi wabunifu wawili wa aina moja walivyofikia hali hizo mbili tofauti ni suala linalomgusa kila mwigizaji mkongwe wa Afrika Mashariki, na linawagusa pia watazamaji waliomcheka kwa miaka yote hiyo, hata walio Murusagamba, mwisho kabisa wa nchi.

Amri Athumani alizaliwa Tanga mwaka 1948 na alianza kupanda jukwaani mwaka 1958, akiwa bado mtoto wa shule. Tanga ya wakati huo ilikuwa mji wa mkonge, wa bandari na reli, wenye taarabu, dansi na ngoma za kila namna. Kichekesho kilikuwa kipande kifupi kilichoingizwa katikati ya burudani hizo. Watu wawili au watatu walisimama mbele ya umma na kisa kimoja cha mtaani: mume bahili na mke mkali, mdeni anayemkwepa anayemdai, mshamba aliyeingia mjini kwa mara ya kwanza. Walikubaliana kisa kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Maneno ya katikati kila mmoja alikuja nayo mwenyewe.

Kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyoonekana. Mwigizaji wa skripti humsikiliza mwenzake na hukumbuka mstari unaofuata. Mwigizaji wa kichekesho humsikiliza mwenzake, huwasikiliza watu walio mbele yake, hupima kama kicheko cha mwisho kimeshaisha au bado kinapanda, kisha huchagua neno. Akiliwahisha, kicheko kinalimeza. Akilichelewesha, watu wameshapoa. Kisa kikiwachosha watazamaji kinafupishwa bila wao kujua, na kikiwashika kinavutwa hadi wabanwe na mbavu. Hakuna chuo kilichofundisha hayo katika Tanga ya miaka ya 1960. Yalifundishwa na watazamaji wenyewe, kwa kucheka au kwa kunyamaza.

Alama za shule hiyo zinaonekana wazi katika filamu alizocheza uzeeni. Mara nyingi kicheko kinaanza kabla hajasema kitu. Macho yanamtoka, mdomo unafunguka kisha unafungwa, shingo inarudi nyuma, na ndipo linapotoka neno moja fupi, kwa Kiswahili cha Tanga chenye kasi, likaangukia mahali ambapo hakuna aliyelitarajia. Zaidi ya ufundi wa uso kulikuwa na uchaguzi wa mhusika. Katika jamii zetu mzee ni mtu wa busara, anayeamkiwa kwanza na kukaribishwa kiti. Mzee wa Majuto anadanganya, anakimbia deni, anawatamani wasichana wa umri wa wajukuu zake, na akifumaniwa anatafuta mlango. Anayejikwaa pale ni heshima yenyewe, na kwa kuwa kila mtazamaji anamjua mzee wa namna hiyo mtaani kwao lakini hathubutu kumsema, kicheko kilikuwa pia ni pumzi. Hili ndilo jambo kubwa alilolifanya, na halijapewa uzito unaostahili na wahakiki wetu, ambao kwa muda mrefu wamekiona kichekesho kama sanaa ya daraja la pili.

Kwa nini jukwaa lilikuwa shule pekee? Kwa sababu kwa sehemu kubwa ya maisha yake hapakuwa na njia nyingine ya maana. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994, vituo binafsi vilipoanza kurusha matangazo. Filamu zilikuwepo, ila chache. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kampuni ya African Film Productions kutoka Johannesburg ilikuja Tanganyika kutengeneza filamu za Kiswahili, na nyota wa Muhogo Mchungu alikuwa kijana aliyeitwa Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu. Nyota wa kwanza wa filamu wa nchi hii, basi, alipata riziki na jina lake mahali pengine kabisa. Baada ya uhuru, Kampuni ya Filamu Tanzania ilifanya kazi kwa bajeti ndogo na kwa malengo ya serikali. Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985, aliyoigiza Amandina Lihamba, inakumbukwa hadi leo kwa ubora wake na pia kwa sababu filamu za namna yake zilikuwa za kuhesabika.

Redio ndiyo iliyokuwa na masikio ya watu. Pwagu na Pwaguzi ya Radio Tanzania Dar es Salaam iliwafanya wachekeshaji wawili wajulikane nchi nzima bila sura zao kuonekana. Mwaka 1993 ulianza mchezo wa Twende na Wakati, uliofundisha uzazi wa mpango na kinga dhidi ya Ukimwi kupitia dereva wa lori aliyeitwa Mkwaju. Katika wilaya kama Ngara, ambako malori ya kwenda Rwanda na Burundi yalipita na kulala, Mkwaju hakuwa mtu wa hadithi tu.

Jukwaa lenyewe liliishi baa. Katika miaka ya 1980 na 1990 vikundi kama Muungano Cultural Troupe, Mandela na DDC Kibisa vilizunguka kumbi za Dar es Salaam na mikoani na onyesho refu la saa kadhaa: ngoma, sarakasi, taarabu, igizo la kuliza watu na kichekesho cha kuwarudisha. Mwaka 1992 kikaja kikundi cha TOT cha Chama Cha Mapinduzi chini ya John Komba, na ushindani wake na kikundi cha Muungano ukajaza kumbi. Malipo yalikuwa madogo, lakini yalikuwa na mantiki moja iliyo rahisi kuielewa. Mtu alicheza leo, akalipwa leo kutokana na kiingilio cha getini. Watazamaji walipanda kumtunza, wakamwekea noti mkononi au kwenye paji la uso. Kesho akicheza tena analipwa tena. Swali la nani anamiliki mchezo halikuwa na makali, kwa sababu mchezo haukuweza kutembea bila mchezaji. Ukitaka kumwona Majuto, sharti Majuto awepo.

Video ilivunja mantiki hiyo.

Televisheni ilipofika, makundi kama Kaole yalihamia kwenye skrini, na mchezo wa Mambo Hayo wa ITV ukawa gumzo la mjini. Kisha ikaja biashara ya filamu za kuuzwa mkononi, kwanza kanda za VHS, baadaye CD na DVD. Filamu ya Girlfriend ya mwaka 2003 hutajwa mara nyingi kama mwanzo wa wimbi lililokuja kuitwa Bongo Movie. Majuto alikuwa miongoni mwa wachekeshaji wa mwanzo kuingia kwenye video, na kwa miaka zaidi ya kumi alicheza bila kupumzika: Inye Gwedegwede, Naja Leo Naondoka Leo, Back from New York, Shikamoo Mzee na nyingine nyingi.

Nyingi ya kazi hizo zilipigwa kwa siku chache. Nyumba iliazimwa, kamera ikakodiwa, waigizaji wakaitwa lokesheni. Skripti kamili ilikuwa nadra. Mara nyingi dairekta alieleza sini kwa mdomo, kwamba umerudi nyumbani umemkuta mgeni asiyetarajiwa, mkeo anajificha, haya tuanze. Hapo ndipo mtu aliyekulia jukwaani alipokuwa na thamani kuliko wote waliopo. Alitoa maneno, akatoa mwendo, akatoa hata kisa kilipokwama. Kwa lugha iliyonyooka, alikuwa mwigizaji na mtunzi kwa wakati mmoja, ila alilipwa kama mwigizaji peke yake, na kwa mkupuo mmoja.

Prodyuza naye hakuwa tajiri. Desturi ya soko ilikuwa kupeleka kazi iliyokamilika kwa msambazaji wa Kariakoo, Dar es Salaam, na kumuuzia pamoja na haki zote. Alichopata alikigawa, akaanza kutafuta fedha za filamu nyingine. Msambazaji alichapa nakala, akazituma mikoani, na tangu siku hiyo hakuna hesabu iliyorudi nyuma kwa aliyechekesha. Filamu ikiuza nakala elfu moja au laki moja, mkono wa mwigizaji ulikuwa umeshafungwa.

Sasa tuifuate nakala moja mpaka Murusagamba. Kata hiyo iko kusini mwa Wilaya ya Ngara, kando ya mpaka wa Burundi, katika nchi ya Washubi, ambao wako pia upande wa Biharamulo. Kutoka Tanga mpaka huko ni kuivuka Tanzania yote, kutoka baharini hadi mpaka wa magharibi. Enzi za CD, filamu zilifika senta za mpakani kwa njia ile ile ya vitenge, sabuni na betri: mfanyabiashara mdogo alipanda basi kwenda mjini, akanunua mzigo wa jumla, akarudi nao kwenye boksi.

Huko zilionyeshwa kwa kiingilio katika banda umiza. La kawaida la enzi hizo lilikuwa chumba cha matofali ya udongo au cha mabati, madirisha yamezibwa kwa nailoni nyeusi. Ndani kuna mabenchi ya mbao yasiyo na migongo, na mbele kuna televisheni moja juu ya meza ndefu, deki ikiwa chini yake. Mlangoni kimetundikwa kibao cha chaki chenye ratiba: mpira, filamu ya mapigano, filamu ya Kibongo. Jenereta inanguruma nyuma ya ukuta na spika imepandishwa sauti ili iishinde. Mtoto anaingia kwa sarafu, mkubwa kwa noti ndogo, na siku ya soko waliokosa nafasi wanasimama ukutani. Kasha la CD likiwa halisi lina stempu ya kodi, utaratibu ulioanza mwaka 2013. Likiwa la kuchomwa mtaani, ni karatasi ya rangi iliyofifia na jina limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito.

Mwenye banda alitoa jasho lake kwa haki: alinunua petroli, akalipa pango, akatengeneza deki ilipoharibika. Hakuna sababu ya kumgeuza mwizi wa kila kitu. Lakini fedha iliyolipwa mlangoni kwake, hata banda likijaa mara ngapi, haikuwa na barabara ya kurudia Tanga. Jukwaani, benchi lililojaa lilikuwa riziki ya mchekeshaji usiku ule ule. Kwenye banda umiza, benchi lililojaa halikumwongezea hata senti, na hakuwa na namna ya kujua kwamba limejaa.

Na lilijaa kwa sababu. Wenyeji wa huko wanazungumza Kishubi nyumbani, Kihangaza kwa majirani, lugha zilizo karibu na Kirundi cha ng'ambo, na Kiswahili shuleni, sokoni na ofisini. Filamu ya mapenzi yenye maneno mengi ya mjini ilimtaka mtazamaji awe na sikio la Dar es Salaam. Kichekesho cha Majuto hakikumtaka hivyo. Mzee anayetembea kwa kunyata akimkwepa anayemdai anaeleweka kwa mtu aliyetoka Burundi asubuhi hiyo kuuza ndizi. Ufundi wa jukwaa la Tanga, uliojengwa kwa mwili kabla ya maneno, ndio uliovuka lugha na kufika mpakani. Mshindani wake mkubwa kwenye mabanda alikuwa mbunifu mwingine wa papo hapo: Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, ambaye alisimulia filamu za nje kwa Kiswahili juu ya sauti ya wachezaji, akiongeza majina, utani na maelezo yake. Filamu hazikuwa zake, lakini utunzi wa simulizi ulikuwa wake kabisa, nao pia ulisambaa ukazidi uwezo wake wa kuufuatilia.

Mwaka 2018 hesabu hizi zilionekana hadharani. Majuto aliugua, akalazwa, akapelekwa India kwa matibabu na kurudi. Rais John Magufuli alimtembelea wodini. Watu walimwombea na kumchangia. Katika miezi hiyo hiyo suala la mikataba yake lilifika wizarani, hasa ya matangazo ya biashara yaliyokuwa yametumia sura na sauti yake, na Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo, Harrison Mwakyembe, akaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Ilikuwa hatua ya haki. Ilikuja, hata hivyo, mwenye mikataba akiwa kitandani, miaka 60 tangu alipopanda jukwaani kwa mara ya kwanza.

Hakuwa wa kwanza kufika mahali hapo. Fundi Said, Mzee Kipara wa Kaole, alifariki Januari 2012 baada ya kuugua kwa muda mrefu. Said Ngamba, Mzee Small, alifuata Juni 2014. Nchini Kenya, Benson Wanjau, ambaye kwa miongo kadhaa alikuwa Mzee Ojwang' wa Vitimbi na Vioja Mahakamani, alikaribia kupoteza kuona. Wakenya walipomwona kwenye taarifa ya habari akiwa katika dhiki, walimchangia akatibiwa. Alifariki Julai 2015. Kisa chake kina somo la peke yake. Ojwang' hakuwa msanii wa video za mtaani. Alikuwa uso wa shirika la utangazaji la taifa, na alikuwa Mkikuyu aliyemwigiza mzee wa Kijaluo kwa upendo hata nchi yenye majeraha ya ukabila ikamkubali kama mzee wa wote. Ikiwa mtu huyo naye alihitaji harambee ili apate macho, basi lawama haziwezi kuishia kwa wasambazaji wa Kariakoo. Shida imekaa ndani zaidi, kwenye wazo kwamba mwigizaji anauza siku yake ya kazi na si kitu alichokibuni.

Afrika Kusini ilikuwa na kila sababu ya kumfanyia mwigizaji mweusi mabaya kuliko hayo, na ilimfanyia. Ntshona na mwenzake John Kani walisoma shule moja New Brighton na wakakutana tena katika kundi la Serpent Players, lililofanya kazi na mwandishi Mzungu, Athol Fugard. Sheria za ubaguzi hazikumtambua Mwafrika mwenye kazi ya uigizaji, kwa hiyo kwenye pasi zao, vitambulisho ambavyo Waafrika walilazimishwa kubeba, waliandikishwa kama watumishi wa nyumbani wa Fugard. Mwaka 1972 watu hao watatu walijifungia kufanya mazoezi bila skripti. Walianza na picha moja ya mtu anayetabasamu mbele ya mpiga picha, wakajiuliza ni nani na kwa nini anacheka. Kani aliwahi kufanya kazi kiwanda cha magari cha Ford. Uzoefu huo ukaingia. Kilichozaliwa ni Sizwe Banzi Is Dead, kisa cha mtu anayechukua pasi ya marehemu ili apate ruhusa ya kuishi na kufanya kazi mjini. Mwaka uliofuata wakatengeneza The Island kwa njia ile ile.

Hadi hapo hakuna tofauti kubwa na kichekesho cha Tanga: kisa kinakubaliwa, maneno yanazaliwa kwa kucheza, watazamaji wanapima. Tofauti imo katika hatua iliyofuata. Maneno yaliandikwa, na mwaka 1974 kitabu kilipotoka, tamthilia hizo zilibeba majina matatu: Fugard, Kani na Ntshona. Mwaka 1975 wawili hao waligawana tuzo ya Tony ya mwigizaji bora kwenye jukwaa la New York. Mwaka 1976 walikamatwa Transkei, huko Afrika Kusini, kwa sababu ya Sizwe Banzi, dalili kwamba hata watawala walijua mchezo ule ni wa nani. Ntshona aliendelea na sinema, kutoka The Wild Geese hadi A Dry White Season. Kani akaandika Nothing but the Truth, na katika uzee wake watoto wa dunia nzima wamemsikia kama sauti ya Rafiki katika The Lion King ya mwaka 2019, mhusika ambaye jina lake limechotwa kwenye Kiswahili. Lakini popote Sizwe Banzi inapochezwa na vijana wasiowahi kumwona Ntshona, jina lake linatajwa kama mtunzi.

Mtu anaweza kudai kwamba hiyo ni bahati ya kukutana na mwandishi mwenye jina Ulaya. Dai hilo lina ukweli kidogo, lakini Tanzania yenyewe ilishakuwa na mfano wake, tena bila Fugard. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Amandina Lihamba, Penina Muhando na Ndyanao Balisidya walitunga kwa pamoja Harakati za Ukombozi, iliyochapishwa mwaka 1982 kwa majina yao wote watatu. Kundi la Paukwa, lililokuwa na walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lilitengeneza mchezo wa Ayubu kwa ubunifu wa pamoja wa wachezaji. Maarifa ya kugeuza utungo wa papo hapo kuwa kazi yenye wenyewe yalikuwepo chuoni hapo, Mlimani. Hayakushuka hadi kwenye baa na kumbi walikokuwa Majuto na Small. Wasomi walikwenda vijijini na sanaa za jamii, na walifanya kazi kubwa, lakini mchekeshaji wa mjini aliyelipwa getini alibaki kati, si wa kijiji wala wa chuo. Hilo ni pengo letu wenyewe na lina gharama: leo hakuna kitabu hata kimoja kinachojulikana cha vichekesho vya Majuto vya jukwaani, na vile vya kabla ya video vimekwenda naye.

Sheria nayo ilikuwa na shimo. Mkataba wa Roma wa 1961, uliowapa waigizaji hakishiriki, yaani haki juu ya uigizaji wao, kwa mara ya kwanza kimataifa, una kifungu cha 19 kinachosema kwamba mwigizaji akisharidhia kuingizwa kwenye picha za filamu, kinga aliyopewa na kifungu cha 7 haimhusu tena. Mwimbaji alibaki na kitu, mwigizaji wa filamu akaachiwa mkataba wake tu. Mkataba wa Beijing wa 2012 ndio uliokuja kuliziba shimo hilo kwa nchi zinazojiunga nao, na ulianza kutumika tarehe 28 Aprili 2020, Majuto akiwa na karibu miaka miwili kaburini. Tanzania ilikuwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu 1999, kabla ya filamu zake nyingi. Sheria ilikuwepo, lakini makubaliano ya lokesheni yalikuwa ya mdomo au ya karatasi moja, na mtu anayehitaji nauli ya kurudi nyumbani hana nguvu ya kubishania vifungu.

Mambo yamehama tena. CD zimekufa, na mabanda mengi yanaishi kwa mpira. Senta kama Murusagamba filamu huingizwa kwenye memori kadi au flashi na fundi wa simu, au hutazamwa moja kwa moja YouTube pale mtandao unaposhika. Vipande vya Majuto vimejaa humo, vimekatwa dakika mbili tatu, vimewekwa na watu wengi tofauti, na tangazo linalotangulia kipande humlipa mwenye akaunti. Ajabu ni kwamba teknolojia hii, tofauti na banda umiza, inahesabu kila mtazamaji. Kile ambacho Majuto hakuweza kukijua kuhusu benchi la Murusagamba, leo kinajulikana hadi sekunde. Barabara ya fedha ipo. Kinachokosekana ni karatasi inayoonyesha iende kwa nani.

Hapo ndipo wasanii wa wilaya zenyewe wanapoingia, kwa sababu hawahitaji tena kusubiri Kariakoo. Ngara imeshaonyesha kwamba sauti inaweza kutoka pembeni mwa nchi: Radio Kwizera ilianzishwa huko mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi waliokuwa wamefurika wilayani, na ikabaki kuwa redio ya wenyeji. Kikundi cha vijana wa Murusagamba kinachorekodi kichekesho cha Kishubi na Kiswahili kwa simu kinafanya kile kile alichofanya mtoto wa Tanga mwaka 1958, pamoja na hatari ile ile. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi, wanaweza kufungua daftari na kuandika kisa, tarehe, majina ya wote waliokibuni, nani anashika akaunti na kila mmoja anapata fungu gani, kisha wote wakatia saini. Na kazi ikikamilika wakaisajili Ofisi ya Hakimiliki. Likija tangazo la biashara, karatasi iseme mambo mengine matatu: litarushwa kwa muda gani, muda huo ukipita likirushwa tena analipwa kiasi gani, na endapo hayupo fedha hiyo anapewa mrithi yupi.